Ufunguo wa Bweni Uko kwa Nani?



Katika toleo lililopita la gazeti letu hili, ndugu mmoja aliandika kwamba kijana akishindikana nyumbani, dawa yake ni kupelekwa katika nyumba ya kurekebisha tabia, afungiwe huko mpaka akili imrudie, na mzazi asiende kumwona, maana machozi ya mama huharibu kazi. Wengi wetu tulisoma maneno hayo tukakubali. Sisi tunaoandika hapa, mwaka mmoja uliopita, tungeandika vivyo hivyo. Lakini sasa tumeona tuliyoyaona, na ndiyo sababu tumeomba nafasi ya kumjibu ndugu yetu, kwa heshima lakini bila kumung'unya maneno.

Sisi ni watu wa Sigor na vijiji vya karibu, tunaofanya kazi ya reli upande wa Londiani na Kipkelion. Reli haifiki kwetu Bomet, kwa hiyo mwisho wa mwezi tunapanda matatu kwenda nyumbani, tunakaa siku chache, tunarudi kazini. Watoto wanalelewa na mama zao. Wenzetu wa mashamba ya chai wana shida ya namna nyingine: wanaishi na watoto wao, lakini mashine za kuchuma chai zimechukua kazi ambayo watoto hao wangeirithi, na kijana mwenye nguvu asiye na kazi hukaa penye chang'aa. Hivyo nyumba hizi za kurekebisha tabia, ambazo vijana wenyewe huziita rehabu, zimepata wateja. Wateja wenyewe ni sisi.

Mwenzetu mmoja wa gengi ya njia ana mwana wa miaka 17. Jina lake hatulitaji, wala la nyumba ile, wala la mji ilipo. Kijana bado ana maisha ya kuishi, na sisi hatuna ugomvi na nyumba moja tu. Kijana huyu aliacha shule akiwa kidato cha pili, akaanza bangi, halafu pombe, halafu akauza magunia mawili ya mahindi ya mama yake. Baba alichoka. Akasikia habari ya nyumba nzuri yenye lango la bluu na maua mbele. Akachukua mkopo wa sako, akalipa miezi 3 kwa mkupuo. Usiku wa manane wakaja wanaume wanne na gari, wakamtoa kijana kitandani, wakamfunga mikono. Mama alipiga kelele mpaka majirani wakatoka na rungu wakidhani ni wezi. Wazazi wakaambiwa: hakuna simu, hakuna kumtembelea mpaka siku 90 zitimie, hayo ndiyo matibabu.

Siku ya 90 baba alikwenda kumchukua. Kijana alitoka amekonda, na makovu penye vifundo vya miguu. Kwa majuma matatu hakusema neno. Siku moja alikuja Kipkelion kumletea baba yake kibuyu cha mursik kutoka nyumbani, akaketi nasi penye kibanda cha vifaa tukinywa chai, ndipo akaanza kusema, pole pole, akitazama reli badala ya kututazama sisi.

Alisema walikuwa watu 40 na zaidi katika chumba kimoja, wazee wa miaka 50 pamoja na watoto wa miaka 14. Alisema vidonge viligawiwa na mtu ambaye mwaka uliotangulia alikuwa mgonjwa mle mle. Nesi hakumwona. Aliyelia usiku alitiwa katika chumba cha mabati peke yake, na aliyetoroka akakamatwa alifungwa miguu. Tukamwuliza, je, waliwahi kukuuliza kwa nini ulianza kunywa? Akasema hapana. Siku 90, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwuliza. Baba yake aliposikia hivyo aliinuka, akachukua spana, akaenda kukaza boliti ambazo sisi sote tulijua zimekwisha kukazwa.

Halafu kijana akaeleza habari ya moshi. Usiku mmoja waya wa taa ulishika moto juu ya dari. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli upande wa nje, na madirisha yana nondo. Askari wa usiku alikuwa mmoja, na huyo huyo ndiye bawabu wa lango, ndiye mpika uji wa asubuhi, ndiye mwenye ufunguo. Walipiga mlango kwa chuma cha kitanda mpaka akasikia. Alipofika alikuwa na funguo 11 katika pete moja na gizani hakujua upi ni wa mlango upi. Waya ulikatika wenyewe, moto ukazimika. Hakuna aliyekufa. Asubuhi waliambiwa wasizungumze jambo hilo, na kama kuna kitabu chochote kilichoandikwa habari ya usiku ule, kijana hakukiona.

Sasa ndugu yetu atasema, si hakuna aliyekufa? Basi atazame nyuma kidogo. Machi 1998 wasichana zaidi ya 20 waliungua bwenini katika shule ya Bombolulu huko Pwani. Machi 2001 wavulana 67 walikufa katika shule ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2017 wasichana 10 wa Moi Girls, Nairobi. Septemba 2024 watoto 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri, wadogo wa shule ya msingi. Baada ya vilio vya kwanza Serikali ilitoa kitabu cha masharti ya usalama wa shule, mwaka 2008. Kitabu kile kinasema mlango wa bweni ufunguke kwa nje, usifungwe kwa nje wakati wowote watoto wamo ndani, madirisha yasiwe na vyuma, na kati ya kitanda na kitanda iwepo nafasi ya mita 1.2. Masharti yako wazi, hata mtu wa darasa la saba aliyefundishwa na wamisheni, kama sisi, anayaelewa. Na bado Endarasha ilitokea miaka 16 baadaye. Kama shule, ambazo zina wakaguzi, na wazazi wanaofika siku ya kufunga, zinaungua, je, nyumba ambayo mzazi amekatazwa kufika siku 90 itakuwaje?

Hapa ndipo tunapotaka kusema kama watu wa reli. Watu husema nyumba fulani ni nzuri kwa sababu mwenyewe ni mcha Mungu, au kwa sababu mheshimiwa fulani alikuja kuifungua na kukata utepe. Sisi katika reli hatusafirishi watu kwa utepe. Dereva anaweza kuwa mzee wa kanisa, lakini hataingia katika kipande cha njia mpaka apewe ruhusa. Njia hukaguliwa kwa miguu, taruma kwa taruma, jua na mvua, na anayeikagua huandika alichoona. Mtu akimaliza zamu humkabidhi mwenzake kwa maneno na kwa maandishi. Hatufanyi hivyo kwa sababu tunamdhania mwenzetu ubaya. Tunafanya hivyo kwa sababu mtu mwema pia hulala, husahau, huugua. Januari 1993 mafuriko yalichukua daraja pale Ngai Ndethya katika njia ya Mombasa na gari la abiria likatumbukia, wakafa watu zaidi ya 100. Mtu wa reli hahitaji kuhubiriwa maana ya kitu kisichotazamwa usiku.

Basi tunauliza juu ya nyumba hizi maswali yale yale ambayo nyapara angetuuliza sisi. Usiku wako wahudumu wangapi wa macho, na watoto wangapi? Kitabu cha zamu kiko wapi? Dawa zinafungiwa wapi na nani anaandika nani amepewa ngapi? Mtoto akiumia, nani nje ya nyumba ile anaarifiwa, na kwa saa ngapi? Ufunguo wa bweni uko kwa nani?

Tena tumtazame yule askari wa usiku. Ni rahisi kumlaumu, na kijana wetu anamlaumu mpaka leo. Lakini mtu huyo ni mfanya kazi kama sisi. Anakesha saa 12, anafanya kazi za watu watatu kwa mshahara usiotosha wa mmoja, hajafundishwa hata siku moja namna ya kuongea na kijana anayetetemeka kwa kukosa pombe, na akiuliza swali anaonyeshwa lango. Hana chama. Mwenye nyumba anajua vizuri kwamba katika biashara hii chakula hakipungui sana, kodi haipungui, kinachoweza kupunguzwa ni watu wa kazi. Kila mhudumu asiyeajiriwa ni faida mfukoni. Kufuli ni ya bei nafuu kuliko mhudumu. Hiyo ndiyo siri yote ya zile nondo madirishani, nayo haihusiani na matibabu hata kidogo.

Asidhani mtu kwamba tunawasingizia Waafrika wenzetu ubepari. Marekani, nchi yenye madaktari wengi kuliko sisi tulivyo na walimu, wana nyumba za namna hii kwa maelfu ya vijana, na makampuni makubwa yanazimiliki. Juni 2024 Kamati ya Fedha ya Baraza lao la Seneti ilitoa ripoti ndefu juu ya makampuni hayo. Ilieleza namna wanavyojaza vitanda na kupunguza wahudumu ili faida ipande, na namna watoto walivyopigwa, walivyofungiwa peke yao na kuharibiwa miili katika nyumba hizo. Desemba mwaka huo huo wakapitisha sheria ya kukomesha udhalimu kwa watoto katika taasisi, baada ya watu waliofungiwa humo utotoni kusimama mbele ya wakubwa na kusimulia. Na agizo kubwa la sheria hiyo ni kwamba kwanza ufanyike uchunguzi. Yaani tajiri yule, na vitabu vyake vyote, alikuwa hajui hesabu kamili ya kinachotendeka nyuma ya milango yake. Itakuwaje sisi!

Nchi yetu haikosi sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto asizuiliwe isipokuwa njia nyingine zote zimeshindikana, na akizuiliwa iwe kwa muda mfupi unaofaa, tena mbali na watu wazima. Sheria ya Watoto iliandikwa upya mwaka 2022. Sheria ya 2012 iliipa NACADA kazi ya kutoa leseni na kusimamia nyumba za kutibu walevi na watumiaji wa madawa. Sasa tazameni ajabu hii. Kericho ipo shule ya Serikali ya kurekebisha tabia za wavulana. Mtoto haingii humo ila kwa amri ya hakimu, amesikilizwa, na muda wake umeandikwa. Hatusemi shule za Serikali ni pepo, tunazijua. Lakini mtoto aliyeiba baiskeli anapelekwa mbele ya hakimu kabla ya kufungiwa, na mtoto wetu ambaye alikunywa pombe tu amefungiwa kwa sahihi ya baba na risiti ya mwenye nyumba. Mwizi ana haki kuliko mgonjwa.

Na hapa Sigor tusijifanye hatujui mambo ya kuwatenga vijana. Wenzetu wa makabila mengine watusamehe tukieleza kidogo. Kwetu Wakipsigis kijana akitahiriwa huingia menjo, kibanda cha mbali, akae huko siku nyingi bila kuonana na mama yake. Ndugu aliyeandika mwezi uliopita ni wa kwetu, na tunadhani menjo ndiyo aliyokuwa akiifikiria. Lakini menjo ina motiriot, mwalimu na mlezi wa vijana wale, na baba hamkubali motiriot mpaka amemjua yeye na ukoo wake na tabia yake. Wazee huja kutazama. Chakula kinatoka nyumbani, na chakula kikirudi hakikuliwa nyumba inajua kuna jambo. Kijana akiumia, motiriot atajibu mbele ya kijiji kizima. Pamekuwa na maovu katika menjo pia, hatukatai, na mara nyingi ni pale wazee walipoacha kwenda kutazama wakawaachia vijana waliolewa. Nyumba ya lango la bluu imechukua kule kutenga tu, ikaacha wazee nje.

Sasa tuseme lililo gumu kwetu. Baba yule hakudanganywa peke yake. Sisi wenzake tulimchangia nauli. Tulimwambia apeleke. Tulifurahi aibu ilipotoka kijijini usiku bila kuonekana na watu. Hatukuuliza leseni, hatukuuliza jina la daktari, hatukuuliza mlango unafungukia wapi, sisi ambao tungekataa kupanda toroli yenye gurudumu linalolegea. Mtu akinunua ng'ombe sokoni humfunua mdomo akamhesabu meno. Mtoto tulimtoa kwa simu.

Liko neno moja la ndugu yetu ambalo lina uzito, na hatutaki kulirukia. Anasema tukizidisha masharti nyumba zitafungwa, na vijana watarudi kunywa, wengine wafe barabarani. Ni kweli wako waliopona. Tunamjua dereva mmoja mzuri ambaye bila nyumba ya namna hiyo leo angekuwa kaburini, naye anaisifu nyumba ile. Tulimwuliza ilikuwaje huko. Alisema alikwenda mwenyewe kwa miguu yake, alipimwa na daktari siku ya kwanza, mke wake alimtembelea kila Jumapili ya pili, na kila mmoja wao alikuwa na mshauri wake wa kukaa naye chini. Basi, ndugu, hiyo ndiyo nyumba tunayoitaka! Masharti hayataifunga nyumba hiyo hata moja. Yatafunga ile nyingine, na afadhali ifungwe na karatasi kuliko kufungwa na moto.

Tena si kila kijana anayekunywa anahitaji kulala mbali. Mpeleke kwanza hospitali ya Serikali, Longisa au Kericho, aonwe na mtu aliyesoma. Mwone Ofisa wa Watoto, yuko kwa ajili hiyo na halipwi nawe. Mtoto mwenyewe au jirani anaweza kupiga simu 116, ni bure, ni ya watoto. Pengine kijana anahitaji daktari, pengine anahitaji kazi, pengine anamhitaji baba ambaye haonekani ila siku nne katika mwezi. Hilo la mwisho tunaliandika kwa uchungu, maana likizo na ruhusa ni jambo ambalo tumelipigania na mwajiri miaka mingi na bado.

Tunaloliomba tawi ni hili. Sanduku letu la kusaidiana lisitoe hata senti kwa nyumba yoyote mpaka watu wawili wa kamati wamekwenda kuiona, bila kutoa habari mbele, mmoja wao mama, nao wakatazama leseni, kitabu cha zamu, stoo ya dawa na milango ya kulala, na wakazungumza na vijana bila mwenye nyumba kusimama kando. Nyumba ikikataa wageni, jibu tumelipata. Mtoto yeyote wa mwanachama aliye katika nyumba hizo sasa hivi aendewe na mzazi wake juma hili, si siku ya 90. Na katibu awaandikie wenzetu wa vyama vingine tujue ni chama gani kinachoweza kuwaandikisha wahudumu wa nyumba hizi. Askari yule wa usiku akiwa na kadi mkononi ataweza kusema, mimi sifungi mlango huu kwa nje, bila kuogopa kulala njaa kesho yake.

Jambo hili litasemwa katika mkutano wa tawi, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa nane mchana, mahali pa kawaida. Ndugu aliyeandika mwezi uliopita tunamwomba aje, atakaa nasi na atajibu. Wenye risiti za nyumba hizo wazilete, hata zilizochanika. Baba wa kijana amekubali kuja. Kijana amesema atafikiri, wala hatutamlazimisha.